Sanaa ya Vitu Vilivyotupwa na Mizani ya Mhakiki

Kila kizazi cha wasanii huongeza kitu katika ghala la malighafi lililoachwa na waliotangulia. Zamani ghala hilo lilikuwa na mti, jiwe, udongo, pembe, shaba, ngozi na rangi. Leo mna pia vizibo vya chupa, bunduki zilizokatwa, kandambili zilizookotwa ufukoni, matairi, mabati na matumbo ya redio mbovu. Jambo hili si aibu wala si utukufu. Ni mwendo wa kawaida katika historia ya kazi za mikono. Penye aibu ni katika namna kazi hizo zinavyosifiwa. Aghalabu mhakiki husimama mbele ya kazi, akauliza imefanywa kwa kitu gani, akajibiwa kuwa ni taka, akastaajabu; kisha mastaajabu yake akayageuza kuwa hukumu. Wahenga walikwisha kuonya kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Onyo hilo lafaa kuandikwa juu ya mlango wa kila ukumbi wa maonyesho wa siku hizi.

Uhakiki wa namna hii una makosa mawili, na yote mawili huvaa nguo za wema. Kosa la kwanza ni huruma. Mtazamaji huona mwana wa Afrika ameshika kitu kilichotupwa, naye hudhani mara moja kwamba amekishika kwa kukosa kingine. Kazi husifiwa kama mtoto wa maskini anavyosifiwa kwa kujitengenezea gari la waya: si kwa uzuri wa gari, bali kwa uchache wa mali ya baba yake. Kosa la pili ni mahubiri. Mtazamaji huona plastiki iliyotoka baharini, akakumbuka uchafu wa bahari, akatoka ukumbini na somo la usafi. Somo ni la kweli na lahitajika. Lakini somo hilo hilo lingeweza kutolewa na bwana afya kwa dakika kumi, bila ya sanaa. Katika makosa yote mawili kazi yenyewe haikutazamwa. Katika la kwanza alitazamwa mfuko wa msanii. Katika la pili lilitazamwa jalala.

Lugha ya Kiswahili ina akiba ya kuwasaidia wahakiki wake katika jambo hili. Neno sanaa limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kutengeneza, kufanya kitu kwa ujuzi wa mkono. Katika matumizi ya zamani halikutenga picha ya kutundikwa ukutani na mlango wa kuchongwa, wala halikumweka sonara mbali na mchora picha. Sanaa ilikuwa kazi iliyofanywa ikafanyika. Kwa hiyo mtu anayefikiri kwa Kiswahili hana sababu ya kuuliza kama kizibo cha chupa kina hadhi ya kuingia katika sanaa. Swali lake la kwanza latakiwa liwe lile ambalo fundi humwuliza fundi mwenzake: umekifanyaje, na kwa nini hiki?

Hilo la pili, kwa nini hiki, ndilo linalofaa kuwa kipimo. Mhakiki aiondoe malighafi katika mawazo yake na kuweka nyingine badala yake: mti pahali pa chuma, hariri pahali pa bati, rangi ya duka pahali pa kandambili. Ikiwa kazi imebaki ile ile, malighafi ngeni ilikuwa pambo tu, na sifa zake ni sifa za mgeni siku ya kwanza. Ikiwa kazi imeanguka, hapo pana jambo. Malighafi imeshikana na maana kama nyama na mfupa. Kipimo hiki hakitoshi peke yake, kama itakavyoonekana mbele, lakini bila yake hukumu haiwezi hata kuanza.

Yafaa kipimo hicho kijaribiwe kwanza katika mambo ya nyumbani ambayo muda umekwisha kuyapoza. Katika magofu ya Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, na katika Mambrui, kaskazini ya Malindi, yako makaburi yenye nguzo ambazo ndani yake mabakuli na sahani za Kichina zimepachikwa katika chokaa. Vyombo vile vilitengenezwa kwa ajili ya chakula. Fundi wa pwani alivitoa mezani akavipandisha juu ya mauti. Kama angepachika vyungu vya udongo wa kwao, nguzo ingesimama vile vile, lakini kazi isingekuwa ile. Mng'aro unaoshika jua usingekuwapo, wala ile khabari ya bahari, ya jahazi na ya ukoo uliokuwa na mkono mrefu katika biashara. Hapana anayeyaita makaburi hayo sanaa ya vyombo vilivyotumika. Huitwa makaburi, na uzuri wake hukubaliwa.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora mjini Dar es Salaam mnamo mwaka 1968, alitumia rangi za kung'aa zinazopakwa baiskeli, na pahali pa turubai alitumia vipande vya hadibodi, aghalabu vya futi mbili kwa futi mbili. Ni kweli kwamba vitu hivyo vilikuwa rahisi kupatikana. Lakini anayeishia hapo hajasema kitu. Rangi ya baiskeli hukauka ikawa ngumu na yenye kumetameta. Haipendi kuchanganywa polepole ili kivuli kizame katika mwanga, bali hupenda kukaa bapa, rangi kando ya rangi, na mpaka ulio wazi katikati. Chui wa Tingatinga, mwenye madoa yaliyopangwa kama shanga juu ya uwanja mtupu, ni mtoto wa rangi ile kama alivyo mtoto wa mkono ule. Tingatinga aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972 kwa kudhaniwa mhalifu, baada ya miaka michache tu ya kazi. Lakini mtindo wake umeishi, na leo hapana anayeushangaa kwa sababu ya rangi ya baiskeli. Mastaajabu yamekwisha, na picha nzuri zimebaki nzuri na mbovu zimebaki mbovu. Hivyo ndivyo itakavyokuwa kwa kila malighafi ngeni ya leo, na mhakiki mwenye busara huhukumu kana kwamba siku hiyo imekwisha kufika.

Katika wasanii walio hai, hapana anayestahili kupimwa hivi kuliko El Anatsui. Alizaliwa Anyako, nchini Ghana, mwaka 1944, akasomea sanaa Kumasi, na mwaka 1975 akaenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka, ambako alitumikia kwa zaidi ya miaka thelathini. Khabari hizi zatosha kuivunja hadithi ya fukara aliyeokota taka kwa kukosa mali. Huyu alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, mwenye elimu ya kazi yake, na kabla ya vizibo alikwisha kujaribu mengi: sinia za mbao za wachuuzi wa sokoni, ambazo alizichoma alama kwa chuma cha moto, vyungu vilivyovunjika, akitafuta maana ya kuvunjika, na mbao alizozichana kwa msumeno wa mashine. Vizibo vya chupa za pombe kali vilimjia mwishoni mwa miaka ya 1990. Havikuwa dharura, vilikuwa uchaguzi wa mtu mzima.

Namna ya kazi yake ni hii. Kizibo cha alumini hubondwa kikawa bapa, au hukunjwa, au husokotwa, au hukatwa kikatoa pete. Pembe zake hutobolewa, kisha hufungwa kwa wenzake kwa waya wa shaba. Vipande hivyo hufanya mabaka, na mabaka huungwa yakafanya kitu kikubwa kama ukuta wa nyumba. Kazi hii yataka mikono mingi, na msanii huyu amekuwa akifanya kazi pamoja na kundi la wasaidizi, yeye akipanga na kupangua mabaka hayo mpaka yakubali. Kitu kinachopatikana ni chuma kwa asili na nguo kwa tabia: hukunjwa, hufungashwa, husafirishwa, kisha hutundikwa kikaanguka kwa mikunjo. Tena Anatsui hasemi mikunjo hiyo ikae vipi. Huwaachia wanaotundika waamue, na kazi moja yaweza kuwa na sura moja hapa na nyingine kule.

Kipimo cha badala kikitumiwa hapa, majibu huja kwa wingi. Weka hariri pahali pa vizibo: mikunjo itakuwapo, lakini haitakuwa ajabu, kwa kuwa ni desturi ya hariri kukunjika. Nguvu ya kazi hii ni kwamba kitu kigumu kimejifunza ulaini bila ya kuusahau ugumu wake. Weka vipande vya bati vipya kutoka kiwandani: mng'aro utakuwapo, lakini majina ya pombe yaliyochapwa juu ya vizibo yatapotea, na pamoja nayo itapotea historia. Kwa maana pombe kali ilikuwa miongoni mwa bidhaa ambazo Wazungu walizileta katika pwani ya Afrika ya Magharibi kwa karne nyingi, na biashara hiyo ilishikana na biashara ya watumwa na mashamba ya miwa ng'ambo ya Atlantiki. Kizibo kimoja ni kitu duni. Maelfu ya vizibo, yaliyofungwa kimoja kimoja kwa mkono, ni daftari la hesabu lisilo na tarakimu. Mtazamaji huona kwanza joho la mfalme. Akisogea karibu husoma jina la gongo la kiwandani. Kati ya hatua ya mbali na hatua ya karibu ndimo sanaa ilimokaa.

Dunia imemtambua. Mwaka 2007 kazi yake ilifunika uso wa jumba la Fortuny mjini Venice, na mwaka 2015 maonyesho makubwa ya mji huo yalimpa Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake yote. Kuanzia Oktoba 2023 mpaka Aprili 2024 ukumbi mkubwa wa Tate Modern mjini London ulijaa kazi yake ya sehemu tatu, ambayo ya kwanza yake ilining'inia kama tanga lililojaa upepo, na juu yake mwezi mwekundu. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa maana ya tanga. Lakini yafaa atambue ujasiri wa kulitundika tanga la vizibo vya pombe katika jumba lenye jina la Tate, ambaye mali yake ilitokana na sukari. Hapo malighafi haikuhubiri. Ilikaa tu pahali pake, na pahali penyewe pakasema.

Mfano mwingine watoka Msumbiji, nao ni mkali zaidi, kwa sababu malighafi yake iliwahi kuua. Vita vya wenyewe kwa wenyewe katika nchi hiyo vilikwisha mwaka 1992, vikaacha silaha zimejaa vijijini na maporini. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, chini ya uongozi wa Askofu Dinis Sengulane, lilianzisha mpango wa kubadilishana: mwenye silaha aliisalimisha, akapewa jembe, cherehani, baiskeli au mabati ya kuezekea. Silaha zilizokusanywa ziliharibiwa, na baadhi ya vipande vyake vikapewa wasanii wa Maputo. Kwa njia hii Cristóvão Canhavato, anayejulikana kwa jina la Kester, alitengeneza mwaka 2001 kiti cha enzi cha bunduki ambacho sasa kimo katika Makumbusho ya Uingereza mjini London, na ambacho kimepata kuzungushwa shuleni na hata magerezani nchini humo.

Kiti hiki ni kidogo. Hakizidi kiti cha kawaida cha mezani. Miguu yake ni bunduki, mikono yake ni bunduki, na mgongo wake una vitako viwili vya bunduki vilivyosimama wima. Katika vitako hivyo matundu ya misumari na mwanya wa mkanda hufanya macho na mdomo, hata mtazamaji huona nyuso mbili zinatabasamu. Kester amesema kwamba nyuso hizo hakuzichonga, alizikuta. Maneno hayo yana mafunzo mengi kuliko vitabu vya nadharia. Msanii wa malighafi ngeni si lazima aibadili ili aitawale. Mara nyingine ustadi wake wote ni kuona kilichokuwamo na kukiweka pahali ambapo wengine hawatakosa kukiona.

Weka mti badala ya bunduki, nacho kiti kimekufa. Kilichomo si umbo la enzi peke yake, bali swali la nani alikalia enzi hiyo, na kwa fedha za nani. Bunduki zilizofanya kiti zilitoka Ulaya na penginepo ng'ambo, wala hapana hata moja iliyotengenezwa Msumbiji. Lakini waliouawa kwazo walikuwa wa Msumbiji. Tena enzi ni kitu kinachokaribisha: humwita mtu aje aketi. Hii humwita, kisha humkataza kwa mitutu yake. Mwili wa mtazamaji hufahamu kabla ya akili yake.

Hata hivyo hapa ndipo upungufu wa kipimo cha badala unapoonekana. Bunduki ni malighafi yenye sauti kubwa mno. Mtu yeyote aweza kuunganisha bunduki tano akapata kitu kisichoweza kufanywa kwa mti, na bado asiwe amefanya sanaa. Amefanya rundo lenye kutisha. Kinachokiokoa kiti cha Kester ni utaratibu wa umbo lake: udogo wake, unyofu wake, usawa wa mikono yake, na yale matabasamu yaliyowekwa mahali ambapo kichwa cha mfalme kingeegemea. Basi kipimo cha kwanza chadai cha pili. Malighafi ikiwa haiwezi kubadilishwa, mhakiki aulize: je, umbo limeitawala, au limeachwa libebwe na sauti yake?

Kwa kipimo hiki cha pili yafaa litazamwe jahazi la Lamu liitwalo Flipflopi, ambalo Waswahili wamelionea fahari kwa haki. Lilijengwa chini ya uongozi wa fundi Ali Skanda, likashushwa majini mwezi wa Septemba 2018, na mapema mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Unguja, mwendo wa kilomita 500 hivi. Urefu wake ni mita tisa. Plastiki iliyotumiwa ilikuwa tani kumi, na kandambili zilizolifunika zilikuwa kama 30,000. Sifa zilizoandikwa juu yake karibu zote zilitua juu ya kandambili hizo, kwa kuwa ndizo zenye rangi na ndizo zinazopigwa picha.

Mhakiki mwenye mizani atasema kinyume. Ngozi ya kandambili ni bango; inachangamsha jicho na inatoa ushahidi, lakini rangi zake zimetawanyika bila ya kuamriwa, nazo zingeweza kupakwa kwa brashi jicho la mbali lisitambue tafauti. Sanaa yenyewe imejificha chini yake, katika mkuku na mataruma. Huko fundi aliyerithi ujuzi wa mti alitakiwa auhamishie kwenye kitu kisicho na nyuzi, kisicho na ubichi wala ukavu, kinacholegea juani na kuteleza chini ya tezo. Mti huzungumza na fundi kwa nyuzi zake. Plastiki ni bubu. Kulipata pindo la omo katika kitu bubu, na kupata chombo kinachokubali upepo na kuvumilia mawimbi, huo ni uvumbuzi. Wazee wa visiwa hivyo hivyo waliwahi kujenga mtepe, ambao mbao zake zilishonwa kwa kamba za kumbi bila ya msumari. Nao uliachwa katika karne ya ishirini. Anayesema kwamba Flipflopi imeiacha mila amekosea. Imefanya lile ambalo mila ya uundaji wa vyombo imelifanya siku zote: kuuliza kitu kilichopo kinakubali nini.

Msanii wa Nairobi, Cyrus Kabiru, aliyezaliwa mwaka 1984, amejulikana kwa miwani anazozitengeneza kwa vyuma, nyaya, vijiko na mabaki ya mashine. Kwa maelezo yake mwenyewe, utotoni alitamani miwani, na baba yake akamwambia ajitengenezee. Kazi hizi zina wepesi na mzaha ambao kiti cha Maputo hakina, na si haki kuzidai uzito usio wao. Nguvu yake ni kinaya: chombo cha kuonea kimegeuzwa kuwa chombo cha kuonekanwa, na aliyekivaa huona kidogo lakini hutazamwa sana. Panapo kinaya hicho, kila kijiko na kila waya una kazi. Pasipokuwapo, miwani hubaki mkusanyiko wa vitu vya kuchekesha, nayo hatari ya mtindo wowote uliopendwa ni kuzaa kwa wingi kuliko kwa haja.

Mtu aweza kupinga na kusema kwamba mizani hii ni kali mno. Kwamba bahari imejaa plastiki, na kazi yoyote inayoamsha watu ina haki ya kusifiwa. Hoja hii ina insafu ndani yake. Lakini sifa zikitolewa kwa nia njema peke yake, msanii hodari huwekwa safu moja na asiye hodari, na mwenye hasara kubwa ni yule hodari. Anatsui mwenyewe amekuwa akikataa kuitwa mrejelezaji wa taka, na ana haki: vizibo vyake havikurudi kuwa vizibo. Neno hilo humnyang'anya miaka ya fikira na kumpa nishani ya usafi. Zaidi ya hayo, linamrudisha Mwafrika katika nafasi ile ile ya zamani, ya mtu anayesifiwa kwa kukosa. Mchongaji wa Ulaya akitumia chuma chakavu huambiwa kwamba amechagua. Wa Afrika huambiwa kwamba amelazimika. Tafauti hiyo haimo katika kazi. Imo katika jicho, na jicho ndilo dhamana ya uhakiki.

Kwa wanafunzi wa lugha na fasihi ya Kiswahili jambo hili si la kando. Sanaa hizi zinakua, na zinaandikwa zaidi kwa lugha nyingine kuliko kwa Kiswahili. Lugha inayokosa maneno ya kuhukumu hubaki na maneno ya kushangilia, na shangwe haijapata kumfundisha msanii kitu. Akiba ya maneno ipo karakanani na bandarini: kuna kufuma, kushona, kupachika, kukalafati, kutarizi, kuziba na kulainisha, kila moja lina maana yake kamili, na kila moja laweza kumwonyesha mtazamaji jambo ambalo neno taka humfichia. Anayeandika kwamba Anatsui ameshona chuma amekwisha kusema zaidi ya anayeandika kurasa tatu juu ya jalala.

Basi kazi ya mhakiki mbele ya vitu hivi ni mbili na hazipishani. Aulize kama kitu hiki kingeweza kuwa kingine. Na kikiwa hakiwezi, aulize kama mkono umekitawala. Majibu ya maswali hayo yakiwa mema, asitaje tena kwamba kilitupwa. Kilichotupwa kilikuwa kizibo. Kinachotazamwa ni kazi, nayo haikupata kutupwa na mtu.